UZI: Bane wa mwaka 1957, au namna ya kuwarudisha mashujaa wa katuni wa leo kwenye zama za mbwembwe

#1 – Mleta uzi

Salaam, wanajukwaa. Kwa miezi mitatu sasa nimekuwa nikichora jalada moja tu, kila jioni baada ya kazi, na jalada hilo limenifundisha mambo ambayo miaka yangu yote ya kusoma vitabu vya katuni haikunifundisha. Ni jalada la kitabu cha Batman ambacho hakikuwahi kuchapishwa. Adui aliyemo ni Bane, lakini ni Bane aliyechorwa kana kwamba aliumbwa mwaka 1957, ilhali waumbaji wake, Chuck Dixon, Doug Moench na Graham Nolan, walimleta duniani mwaka 1993. Naleta uzi huu ili tuijadili kazi ya namna hiyo, yaani kuwachukua wahusika wa siku hizi, wenye makovu, damu na hasira, na kuwaandika upya katika mtindo wa zamani wa mbwembwe, rangi za kuwaka na mitambo ya ajabu. Wengi huiona kuwa utani wa kupitisha wakati. Mimi naiona kuwa kazi yenye masharti magumu, na mchoraji anayeyapuuza masharti hayo huishia kumbadilisha mhusika nguo bila kumtoa hapo alipo.

Masharti yenyewe yana historia. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, alichapisha kitabu kilichodai kwamba katuni zinawaharibu watoto, na mwezi Aprili mwaka huohuo kamati ndogo ya Seneti ya Marekani ikakaa mjini New York kuwahoji wachapishaji. Wachapishaji wakaogopa kutungiwa sheria, wakaunda chombo chao wenyewe cha ukaguzi kilichoitwa Comics Code Authority. Kanuni za chombo hicho zilieleza kwamba uhalifu usionyeshwe kwa namna ya kumfanya msomaji amhurumie mhalifu, kwamba polisi na majaji wasivunjiwe heshima, na kwamba wema ushinde kila mara. Jiwekeni katika nafasi ya mwandishi wa Batman wa wakati ule. Shujaa wako alizaliwa mwaka 1939 kama kivuli cha kuwatia wahalifu hofu, na sasa hofu imepigwa marufuku, damu haiwezi kumwagika, na mauaji huwezi kuyasimulia kama zamani. Unabaki na nini mkononi? Unabaki na kitendawili, hila, mavazi, mitambo na urafiki wa mtu mzima na kijana wake. Mtindo ule wote ulijengwa kwa vifaa hivyo vichache.

Mfano ninaoupenda kuliko yote umo katika jarida la Detective Comics namba 241, la Machi 1957. Kwenye jalada Batman amevaa vazi la rangi ya ajabu, naye anamwambia Robin, kijana msaidizi wake, kwamba hana budi kuvaa vazi la rangi tofauti kila usiku. Ukiliona jalada hilo bila kuifungua hadithi, utadhani wachapishaji walipungukiwa na la kusema. Ukiifungua, utakuta kwamba Dick Grayson, ambaye ndiye Robin asipovaa vazi lake, ameumia mkono akimwokoa mtoto asigongwe na gari, na watu wamemwona. Endapo Robin atatokea mbele ya kamera na mkono ulioumia, siri yao itafichuka. Kwa hiyo Batman anajigeuza kuwa kioja makusudi, leo rangi hii na kesho ile, ili macho ya mji mzima yabaki kwake na pasiwe na mtu wa kuutazama mkono wa kijana. Ile rangi inayowachekesha watu leo ina sababu, na sababu yake ni mapenzi ya mlezi kwa mtoto. Ukiichukua rangi ukaiacha sababu, hujachukua kitu.

Sasa turudi kwa Bane. Katika hadithi zake za mwaka 1993 alikulia gerezani katika kisiwa cha Santa Prisca, akafanyiwa majaribio ya dawa iitwayo Venom, akaenda Gotham, akawafungulia wagonjwa na wahalifu wa Arkham, hospitali ya wahalifu wenye ugonjwa wa akili, ili Batman achoke kwa kuwakamata mmoja baada ya mwingine, na alipokwisha kuchoka akamvunja mgongo kwa goti. Jaribio langu la kwanza lilikuwa la kijinga. Nilimpunguza misuli, nikamchorea tabasamu, nikapaka rangi ya waridi nyuma yake, nikadhani kazi imekwisha. Alionekana kama mtu mzima aliyelazimishwa kuvaa sare ya shule ya chekechea, na nililitupa jalada lile siku hiyohiyo.

Kilichonifungua macho ni mrija. Bane ana mrija unaotoka kwenye kifaa cha mkononi hadi kichwani, na kifaa hicho ndicho kinachompelekea dawa. Waandishi wa miaka ya 1990 waliutumia mrija huo kuonyesha utumwa wa dawa za kulevya. Mwandishi wa mwaka 1957 asingeruhusiwa kabisa kugusa dawa za kulevya, lakini angeupenda mrija ule kwa moyo wote, maana ni mtambo, na mtambo unaonekana. Nikakichora kifaa cha mkononi kama saa kubwa yenye mshale na namba kuanzia sifuri hadi tano. Namba moja inampa nguvu ya watu kumi, namba tano inamwezesha kunyanyua gari moshi. Hapo hadithi ilianza kujiandika yenyewe, kwa sababu katika zama zile msomaji alitendewa haki: kinachoonyeshwa ukurasa wa pili ndicho kinachotegua kitendawili ukurasa wa nane.

Gereza la utotoni nililazimika kuliacha, kwa kuwa kumwonyesha mtoto aliyezaliwa kifungoni ni kumwomba msomaji amhurumie mhalifu. Arkham nayo haikuwepo, kwani ilianza kuonekana mwaka 1974. Nikamfanya Bane kuwa bingwa wa nguvu wa sarakasi aliyefukuzwa kwa kudanganya katika mashindano. Hata hivyo, mpango wake wa kumchosha Batman nimeuacha kama ulivyo, kwa sababu huo ndio uti wa mgongo wa mhusika huyu. Bane ni adui anayefikiri, ambaye hushinda kwa subira kabla ya kushinda kwa ngumi. Katika hadithi yangu anaupa mji mitihani mitano ya nguvu katika usiku mmoja: daraja linalotaka kuanguka, basi lililokatika breki, na mingine ya aina hiyo. Batman anakimbia kutoka mtihani hadi mtihani, na kabla hakujapambazuka anasikika akiugulia mgongo. Jalada linamwonyesha kwenye kiti cha magurudumu kinachosukumwa na Robin mwenye machozi, na mbele yao Bane amenyanyua mashine ya kuchapa yenye ukubwa wa nyumba.

Ndani ya kitabu msomaji anagundua kwamba mgongo haukuvunjika. Kwenye ukurasa wa pili Batman aliona kuwa mshale ukifika tano, chupa ya dawa humalizika kwa dakika moja. Akajifanya amelemaa ili Bane ajidai mbele ya watu na kuuzungusha mshale hadi mwisho. Dakika ikapita, nguvu zikaisha, mashine ikashuka taratibu mikononi mwake. Kabla ya kuwaita polisi, Batman anamwita daktari aje kumwona mtu yule.

#4 – Mchangiaji

Ndugu mleta uzi, nakupongeza kwa kazi na kwa maelezo yaliyotulia. Hata hivyo, nina shaka. Bane ninayemfahamu mimi ni mtu aliyeumizwa tangu utotoni, na maumivu hayo ndiyo yanayonifanya nimsome. Wewe umemwachia saa ya mkononi na sarakasi. Je, huoni kwamba mtindo huu, hata ukichorwa kwa ustadi, mwisho wake ni kuwadhihaki wahusika na kutudhihaki sisi tuliowachukulia kwa uzito?

#5 – Mleta uzi

Nakushukuru, ndugu yangu, kwa kuuliza kwa uwazi. Neno dhihaka ndilo lililonisukuma kuanzisha uzi huu, kwa hiyo nitalijibu kwa urefu.

Watu wengi wanaposikia Batman wa mbwembwe huwaza mfululizo wa televisheni wa kituo cha ABC, ulioanza tarehe 12 Januari 1966 na kumalizika tarehe 14 Machi 1968 baada ya vipindi 120. Katika misimu miwili ya kwanza ulionyeshwa mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza hadithi ilikatwa pale patamu, Robin akiwa amefungwa kwenye mtambo wa kumgeuza kitu fulani cha ajabu, na msimulizi akamtaka mtazamaji arudi siku ya pili saa ileile na kituo kilekile. Katika maficho ya wahalifu kamera iliinamishwa upande, kwa sababu waliomo ni watu waliopinda. Ndani ya pango la Batman karibu kila kifaa kilikuwa na kibao chenye jina lake. Cesar Romero, aliyeigiza Joker, alikataa kunyoa masharubu yake, hivyo yakapakwa rangi nyeupe juu kwa juu, na ukitazama kwa makini unayaona.

Mambo hayo yote yanachekesha, na yalikusudiwa kuchekesha. Lakini mtazame Adam West, aliyeigiza Batman. Katika vipindi vyote 120 hakonyezi mtazamaji hata mara moja. Anaongea na Robin kuhusu sarufi na kufunga mkanda wa gari kwa uzito uleule anaozungumzia bomu. Katika filamu ya mwaka 1966 iliyotokana na mfululizo huo kuna tukio moja ambalo nimelitazama mara nyingi mno. Batman ameshika bomu kubwa jeusi la duara ambalo utambi wake unawaka, naye anakimbia huku na huko bandarini akitafuta pa kulitupa. Huku kuna watawa, kule kuna mama na mtoto kwenye kigari, upande mwingine kuna bendi inayopiga muziki, na majini kuna wapenzi wawili ndani ya mashua. Anapopata upenyo wa maji matupu, wanatokea bata na vifaranga wao wakiogelea. Anageuka na bomu lake mkononi. Shujaa huyu yuko tayari kulipuka mwenyewe kuliko kumuumiza kifaranga wa bata, na tukio hilo huwachekesha watu kwa sababu yeye hacheki. Angecheka naye, au angetugeuzia uso kutuonyesha kwamba anajua ni upuuzi, tusingebaki na chochote zaidi ya dhihaka unayoihofia.

Kwa hiyo kanuni ninayoishikilia ni kwamba ndani ya kurasa zile asiwepo mtu anayejua kwamba zama zake zinachekesha. Bane wangu anaiamini saa yake. Robin analia machozi ya kweli. Kuhusu maumivu, mimi sioni kwamba nimeyafuta. Nimeyahamisha kutoka kwenye kumbukumbu ya utotoni nikayaweka kwenye mshale unaoshuka. Bane wa mwaka 1993 anaogopa kuwa dhaifu tena, na Bane wangu anaogopa kitu kilekile, isipokuwa kwamba hofu yake ina namba na kila mtu barabarani anaweza kuisoma. Mshale unapogota kwenye sifuri, nimemchora ameketi chini, mrija umelegea begani, na kisanduku hicho cha picha nimekiacha bila neno lolote. Nadhani hata mkaguzi wa mwaka 1957 angekipitisha.

#7 – Mchangiaji

Mkuu, wapo waandishi wakubwa waliofanya jambo hili kitaaluma, au ni kazi ya mashabiki tu?

#8 – Mleta uzi

Wapo, mkuu, na baadhi yao ni wale usiowatarajia. Alan Moore, ambaye pamoja na mchoraji Dave Gibbons walitoa Watchmen mwaka 1986 na 1987 na kuifanya giza kuwa mtindo wa kila mtu, ndiye huyohuyo aliyepewa Supreme mwaka 1996. Supreme aliumbwa na Rob Liefeld mwaka 1992, na alikuwa shujaa wa ngumi na ukatili, aliyefanana na Superman kwa umbo lakini bila huruma. Moore hakuanza kwa kumpamba. Alimfanya agundue kwamba ulimwengu wake huandikwa upya kila baada ya muda, na kwamba matoleo yake yote yaliyotupwa, likiwemo la zama za wanyama wenye majoho, yanaishi pamoja mahali pamoja. Halafu akampa maisha ya utotoni ambayo hakuwahi kuwa nayo: mbwa mwenye nguvu za ajabu, dada, na ngome angani. Kurasa za kumbukumbu hizo zilichorwa na Rick Veitch kwa kufuata mtindo wa kila muongo, hata rangi zake. Msomaji anajikuta akimpenda mtu ambaye miaka minne kabla alikuwa jiwe tupu. Kwa maoni yangu hakuna aliyeifanya kazi hii vizuri zaidi.

Kampuni ya DC, inayomchapisha Batman, ilianza mwaka 2013 kutoa Batman '66, iliyoandikwa kwa sehemu kubwa na Jeff Parker, ambayo iliurejesha ulimwengu wa mfululizo wa televisheni na kuwaingiza ndani yake wahusika waliozaliwa baadaye. Harley Quinn, aliyebuniwa na Paul Dini na Bruce Timm kwa ajili ya katuni ya televisheni ya mwaka 1992, ameingizwa humo akiwa daktari wa akili aitwaye Holly Quinn. Mwaka 2014 ikatoka pia hadithi ya Two-Face, adui mwingine wa Batman, iliyotokana na muhtasari ambao Harlan Ellison aliuandika miaka ya 1960 kwa ajili ya mfululizo ule na haukurekodiwa. Len Wein aliigeuza kuwa kitabu na José Luis García-López akaichora. Adam West mwenyewe aliirekodi sauti ya Batman kwa mara ya mwisho katika filamu ya katuni dhidi ya Two-Face huyohuyo, iliyotoka mwaka 2017, miezi michache baada ya kufariki kwake.

Upande wa kampuni ya Marvel kuna Deadpool, aliyeanza mwaka 1991. Gerry Duggan na Brian Posehn, wakiwa na mchoraji Scott Koblish, walitoa kuanzia mwaka 2013 matoleo yaliyojifanya kuwa yalichorwa miongo iliyopita yakasahaulika kabatini. Yanapendeza kwa macho, ingawa Deadpool anajua mno kwamba yumo kitabuni, na kwangu jambo hilo linampunguzia utamu.

Kilichonishangaza zaidi ni kitabu cha mwaka 1994 kinachomkutanisha Punisher na Archie. Punisher ni muuaji anayewinda wahalifu kwa bunduki, na Archie ni kijana wa shule wa mji mtulivu wa Riverdale, ambaye shida yake kubwa ni kuwapenda wasichana wawili kwa wakati mmoja. Batton Lash aliandika hadithi ambamo Punisher anamtafuta mhalifu anayefanana na Archie. John Buscema alimchora Punisher na watu wa ulimwengu wake kwa mistari mizito, Stan Goldberg akawachora Archie na wenzake kwa mistari miepesi ya siku zote, na wote wawili wakakaa kwenye ukurasa mmoja. Punisher hakugeuzwa kuwa mchekeshaji, wala Archie hakupewa bunduki. Kila mmoja alibaki mkweli kwa asili yake, na ukurasa ukawabeba wote.

#11 – Mchangiaji

Kaka, nimefuatilia uzi wako tangu mwanzo na nimejifunza. Lakini niulize kama dada yako: hizo zama mnazozitamani zilikuwa nzuri kwa nani? Binti yangu anampenda Miles Morales, yule Spider-Man kijana mweusi. Ukimrudisha Miles mwaka 1957, unamrudisha kwenye kurasa ambazo watu wa rangi yake walikuwa hawamo, au walimo kama kichekesho.

#12 – Mleta uzi

Dada yangu, umelenga mahali penyewe, na naomba niseme wazi kwamba hofu yako ina ushahidi.

Katika katuni ya The Spirit ya Will Eisner, iliyoanza mwaka 1940, msaidizi wa shujaa aliyeitwa Ebony White alichorwa kwa midomo na macho ya kumdhalilisha mtu mweusi. Mwaka 1956 kampuni ya EC ilitaka kuichapisha upya hadithi moja ambayo kwenye kisanduku chake cha mwisho mwanaanga anavua kofia na kuonekana kuwa ni mtu mweusi. Mkuu wa chombo cha ukaguzi, Charles Murphy, alitaka mwanaanga huyo asiwe mweusi. William Gaines, mmiliki wa kampuni, alikataa, na hadithi ikachapishwa kama ilivyokuwa. Mwaka 1963 Marvel ilipoanzisha kikosi cha Sgt. Fury, askari mweusi Gabe Jones alipakwa rangi ya Mzungu katika toleo la kwanza, kwa sababu watu wa kutenganisha rangi walidhani maelekezo waliyopewa yalikuwa na kosa. Shujaa mweusi Black Panther alifika mwaka 1966, na mwigizaji mweusi Eartha Kitt akawa Catwoman, adui wa Batman, kwenye msimu wa tatu wa ule mfululizo wa televisheni mwaka 1967. Kabla ya hapo kurasa nyingi zilikuwa kama unavyosema.

Miles aliumbwa mwaka 2011 na Brian Michael Bendis na Sara Pichelli. Mimi namtaka katika mtindo wa zamani kwa sababu hiyohiyo uliyoitaja, kwamba kuna furaha iliyogawiwa kwa wengine naye akanyimwa. Mbwa mwenye joho, pikipiki yenye mabawa, jalada lenye kitendawili, umati unaoshangilia: ni nani aliyesema kwamba vitu hivyo ni vya Wazungu peke yao, na kwamba mtoto mweusi lazima kila hadithi yake ianze na msiba? Ila sharti moja silivunji. Asibadilishwe shujaa peke yake, umati nao ubadilishwe. Ukimweka Miles juu ya jengo huku barabarani chini yake watu wote ni Wazungu wenye kofia, umemchora kama mgeni. Katika rasimu niliyoanza nimewachora kinyozi mlangoni kwake, mwalimu mwenye miwani na rundo la madaftari, mama wa Puerto Rico dirishani, na mtoto aliyepanda mabegani mwa baba yake. Mtoto yule ndiye anayemwona Miles kabla ya watu wazima wote.

Rangi ya ngozi yenyewe ilinipa kazi. Uchapaji wa wakati ule ulikuwa wa vitone vya njano, nyekundu na buluu kwenye karatasi hafifu ya magazeti, na kila rangi ilikuwa na viwango vichache tu vya uzito, hivyo michanganyiko yote ilikuwa 64. Matokeo yake wahusika weusi wengi walichapishwa wakiwa na rangi ya kijivu kama majivu. Nimejaribu michanganyiko mingi, na kwa Miles nimekubali njano kamili, nyekundu nusu na buluu robo. Inatoa hudhurungi yenye joto, na vitone vyake bado vinaonekana ukisogeza jicho karibu. Kwa hiyo uwezo wa kuchapa ngozi hii walikuwa nao.

Mwambie binti yako kwamba nikimaliza jalada hilo nitaomba maoni yake kwanza.

#15 – Mchangiaji

Mkuu, swali dogo la kiufundi. Yale maneno ya ngumi yanayolipuka kwenye picha utayaandikaje? Ukiyaacha kwa lugha yao hadithi itakuwa imekaa nusu kwao, nusu kwetu.

#16 – Mleta uzi

Swali lako si dogo hata kidogo, mkuu, na limenipa usiku mmoja wa raha. Kwenye televisheni maneno yale yaliwekwa juu ya picha za mapigano, na baadaye, ili kupunguza gharama, yakawekwa peke yake kwenye kadi za rangi. Msomaji wa Kimarekani aliyaona kuwa kelele tu. Sisi tuna tanakali za sauti, na tanakali zetu zinasema zaidi ya kelele, kwa kuwa zinakueleza mtu ameangukia nini. Aliyeanguka pu ameanguka mchangani. Aliyeanguka tapwi yuko matopeni. Aliyeanguka chubwi hahitaji kuelezwa kwamba alikuta maji. Mchoraji anayejua hivyo anaweza kuwatupa wahalifu watatu nje ya picha na msomaji akajua kila mmoja amefikia wapi bila kuchorewa.

Nimeupanga upya ukurasa wa saba kwa ajili ya jambo hilo. Mapigano sasa yanafanyika kwenye maonyesho ya vifaa vya ofisi, kwa sababu nilikuwa tayari na ile mashine kubwa ya kuchapa, na kwa sababu Bill Finger, mwandishi aliyemjenga Batman tangu mwanzo, alipenda sana mapigano juu ya vitu vya kawaida vilivyokuzwa. Robin anayumba kwenye utepe wa mashine kama kwenye kamba, na watu watatu wa Bane wanarushwa mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza anatua pu kwenye kisanduku cha mchanga wa kuzimia moto. Wa pili anatua tapwi ndani ya kopo la gundi lenye kimo cha mtu. Wa tatu haonekani kabisa. Kinachoonekana ni kichupa cha wino chenye ukubwa wa kisima, soli mbili za viatu, na matone ya buluu yanayoruka hadi nje ya mstari wa kisanduku.

Nilibabaika kuhusu rangi ya herufi, maana wino wa buluu juu ya joho la Batman, ambalo ni jeusi lenye mng'ao wa buluu kama walivyokuwa wakilichora, ulikuwa ukiyameza maneno. Jana usiku nimeiandika CHUBWI kwa njano kamili, yenye mpaka mwekundu, ikipanda kutoka kwenye mdomo wa kichupa, na B yake nimeiinamisha ili ionekane inatota. Rasimu nitaipandisha hapa Jumamosi.